Zaitun na Risasi ya Njiru

Zaitun Faki alizaliwa Muthurwa, katika zile nyumba za reli ambazo wenyeji waliziita landhi, na Kiswahili alichokunywa humo hakikuwa kile cha barabarani. Babake, Mzee Faki, alikuwa fundi wa reli aliyehamishwa kutoka Mombasa akiwa kijana, na alipopanda treni kuja Nairobi hakubeba mengi ila kofia yake ya viua na lugha yake. Watoto wake walipotoka uwanjani na Sheng mdomoni aliwasimamisha kizingitini. "Iache hapo nje pamoja na viatu," alikuwa akisema, "kisha uingie useme unachotaka." Ndugu zake Zaitun walicheka, wakaingia, wakaendelea na Sheng yao. Zaitun alitii. Hata familia ilipohamia mtaa wa Umoja, hata alipoolewa na kuachika, hata alipofungua kibanda cha kuuza madera na leso, aliendelea kusema namna babake alivyosema, na wateja wengine walikuja kibandani kwake si kununua bali kumsikiliza tu.

Ni sauti hiyo iliyompeleka redioni. Redio Kibaraza ilikuwa kituo kidogo cha mtaa, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi karibu na barabara ya Outer Ring, na mawimbi yake yalifika Kayole na Njiru siku ambazo mvua haikunyesha. Meneja wake, Gordon, alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi aliyewahi kufanya kazi ya ofisi katika baraza la jiji kabla ya kuingia utangazaji. Alimsikia Zaitun akisoma matangazo kwenye harusi moja, akampa kipindi cha mchana kuhusu afya na mazingira. Gordon alidhani kingesikilizwa na vikongwe watatu. Kikasikilizwa na mtaa mzima. Wanawake walipunguza moto wa jiko ili wasikose neno. Zaitun akisema maji yatakatika, mitungi ilijazwa kabla hata kampuni ya maji haijatoa taarifa yake. Akisema kipindupindu kimeingia, vibanda vya chakula vilianza kuchemsha maji ya kunawa. Watu walimwamini, naye alilijua hilo, na ukimwuliza leo atakuambia lilimfurahisha kupita kiasi.

Siku moja alipigiwa simu na mwanamke wa Njiru. Aliitwa Amondi, lakini alijitambulisha kwa jina la mwanawe, Mama Okinyi, kama wafanyavyo majirani zake.

"Dada Zaitun," alisema hewani, "huku kwetu kuna mahali wanayeyusha betri za magari zilizokufa. Moshi wake unakwaruza koo. Watoto wanalia tumbo kila siku, kuku wanakufa bila ugonjwa. Kuna watu wa chuo walikuja, wakatoa watoto wetu damu, wakasema watarudi na majibu. Hawajarudi. Sisi tumuulize nani?"

Zaitun alilichukua swali hilo kama deni lake. Aliuliza huku na huku mpaka akampata mtafiti aliyeongoza kazi hiyo, binti aitwaye Celine, mwalimu wa chuo kikuu mwenye sauti ya chini na macho ya mtu asiyelala vizuri. Walikutana katika mkahawa mmoja Umoja. Celine alizungusha kijiko ndani ya chai mpaka chai ikapoa.

"Majibu ninayo," alisema. "Ni mabaya. Lakini bado makala haijachapishwa kwenye jarida. Nikiyatoa mapema, wataikataa. Na kila mtoto ana namba tu, si jina. Kumwambia mzazi mmoja mmoja kunahitaji kibali kipya cha kamati."

"Na hao watoto wanakula vumbi la huko mpaka kamati ikutane?"

Celine alisukuma kikombe kando. Kisha alisema anaweza kuja redioni kueleza hali ya jumla bila kumtaja mtoto wala mmiliki wa karakana ya betri. Alijua kazi yake ingeweza kuathirika, akakubali hata hivyo, na Zaitun akampenda kwa hilo.

Wakaketi kituoni kuandaa kipindi, wao wawili na Gordon. Celine alisoma maelezo yake kwa Kiingereza. Kila sentensi ilikuwa na "lead" ndani yake.

"Kwa Kiswahili tutasemaje?" aliuliza.

"Risasi," alijibu Zaitun. "Madini ya risasi."

"Si hiyo ni ya bunduki?"

"Ya bunduki ilipata jina hapo hapo. Ilitengenezwa kwa madini hayo hayo."

Gordon alijikuna kidevu. "Madam, watu wa huku wataelewa kweli? Sema tu sumu ya betri. Ama useme 'lead' uende zako."

"Gordon, kitu kina jina lake," alisema Zaitun. "Tukianza kukwepa maneno ya lugha yetu wenyewe, tutabaki na nini? Nitaeleza. Nina saa nzima ya kueleza."

Na kweli alikuwa ameandaa maelezo mazuri. Angeanza na betri, aeleze kilichomo ndani yake, jinsi kinavyopanda na moshi na kushuka na vumbi, jinsi vumbi linavyoingia kwenye kucha za mtoto na kutoka hapo kuingia mdomoni. Neno risasi lingekuja baadaye, likiwa limeshikwa mkono na maneno mengine. Angekiendesha kipindi hivyo, huenda leo tungekuwa na hadithi nyingine.

Lakini Gordon alikuwa na mambo yake. Kituo kilikuwa kikishindana na redio kubwa, na alikuwa amejifunza kwamba msikilizaji lazima anaswe kabla ya matangazo ya biashara, la sivyo atahama. Siku ya kipindi, zikiwa zimebaki dakika chache muhtasari wa habari usomwe, alimsogezea Zaitun karatasi yenye mistari miwili aliyoichapa mwenyewe. Zaitun aliipitisha macho. Neno alilolipigania lilikuwemo, na hilo lilimridhisha. Taa nyekundu ikawaka, akasoma kwa ile sauti yake ambayo watu hawakuwahi kuitilia shaka:

"Watoto wa Njiru wamepatikana na risasi mwilini. Wataalamu wako nasi studioni kutueleza kilichotokea, mara tu baada ya matangazo haya."

Ukafuata wimbo wa sabuni, kisha duka la godoro, kisha benki, kisha muziki, kwa sababu Celine alikuwa ameomba maji na hajarudi kitini.

Wasomaji wa mbali huenda wasielewe yaliyofuata. Lakini mtu wa Eastlands, mashariki hii ya Nairobi, hahitaji kuelezwa. Hiyo ilikuwa miaka ya maandamano na ya vijana waliotoka asubuhi na mkoba wakarudishwa ndani ya jeneza. Kila mtaa ulikuwa na picha ya mtoto wa mtu kwenye ukuta. Neno risasi lilikuwa na maana moja tu, na maana hiyo ilikuwa imeshazikwa mara nyingi mno. Njiru nzima ilisikia kwamba watoto wamepigwa risasi, na ilisikia hivyo kutoka kwa Zaitun, asiyesema uongo.

Kabla wimbo haujaisha, akina mama walikuwa barabarani. Amondi alikuwa akifua. Alitoka na povu mikononi, akakimbia kuelekea shule ya chekechea ya Okinyi bila viatu. Alikuta lango limefungwa na umati umelizingira. Mwalimu alipiga kelele kutoka ndani kwamba watoto wote wako salama, lakini nani angesikia? Mtu alisema maiti zimeshapelekwa kituo cha polisi. Umati ukageuka kama maji yaliyopata mteremko. Mawe yakarushwa, na askari waliokuwa wanakula chakula cha mchana wakatoka na vitoa machozi. Moshi ukapeperuka hadi madarasani. Watoto ambao hawakuwa wamepatwa na lolote asubuhi ile walitolewa wakilia, macho mekundu, na mwanamke mmoja mzee alikanyagwa akavunjika nyonga.

Studioni hawakujua. Celine alikuwa amekaa, akavuta pumzi, akaanza kueleza mambo ya mikrogramu na desilita. Zaitun alimsaidia, akageuza kila alilosema kuwa lugha ya jikoni, na kipindi kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya. Aliona tu kwamba taa za simu zinawaka zote kwa pamoja. Alipopokea ya kwanza, sauti ya mwanamume ilipaza hewani: "Mnatuambia mambo ya betri na watoto wetu wanauawa! Wako wapi? Sema mahali wako!"

Hapo ndipo Zaitun alipoelewa Njiru ilikuwa imesikia nini.

*

Siku iliyofuata alikuja mwandishi wa gazeti moja kubwa, aitwaye Owuor. Alikuwa mtu wa heshima, alimwita Zaitun "mama," alikaa kibarazani kwake Umoja na kusikiliza bila kumkatiza. Zaitun alimweleza yote: karakana, moshi, kuku, watoto waliotolewa damu, majibu yaliyokuwa yanangoja jarida. Alimpa simu ya Celine. Alimwomba jambo moja tu.

"Unicheke mimi ukitaka. Lakini usiiache ile sumu nje ya habari yako."

"Siwezi kuiacha, mama. Hiyo ndiyo habari yenyewe," alisema Owuor, na uso wake ulionyesha anamaanisha.

Gazeti lilipotoka, ukurasa wa tatu ulikuwa na picha ya Zaitun aliyopigwa kwenye harusi ya mtu, anacheka, mdomo wazi. Kichwa cha habari kilisema kwamba redio ya mtaa imefyatua risasi hewa. Ilielezwa jinsi hofu ilivyoenea, jinsi polisi walivyotuliza ghasia, na jinsi wataalamu wa lugha wanavyowaonya watangazaji wasio na mafunzo. Karakana ilitajwa mwishoni kabisa, katika nusu sentensi: "utafiti unaodaiwa kuhusu taka za betri." Zaitun alimpigia Owuor.

"Mhariri alikata," alisema. "Niliandika aya sita kuhusu karakana. Wakili wa gazeti alisema bila makala iliyochapishwa hatuna pa kusimama. Na kusema kweli, mama, watu walitaka ile ya risasi. Ndiyo iliyosomwa kuliko zote wiki hii."

Kwenye simu za watu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kijana mmoja aliikata sauti yake akaitia kwenye ngoma, na watoto wa Umoja wakaicheza mbele ya vibanda. Walimpa jina Anti Risasi. Alipopita kununua maziwa, vijana walijitupa chini wakishika vifua. "Niaje Anti, umetubebea ngapi leo?" Alikuwa na miaka arobaini na ushei, na hakuwahi kufikiri kwamba angeona aibu kufungua kinywa chake barabarani.

Mzee Faki, ambaye macho yalikuwa yamemwacha na aliyeishi kwa kusikiliza, alimwita akae kando yake. "Neno silo lililokosea, mwanangu," alisema. "Ni masikio ya watu. Yamepigwa mno." Ilikuwa faraja, lakini Zaitun aliijua kuwa nusu ya ukweli. Ile nusu nyingine alikuwa nayo mwenyewe: alikuwa ameisoma ile karatasi ya Gordon, akaona neno lake limo, akafurahi, na hakujiuliza mama anayefua Njiru atasikia nini.

Kisha ikaja barua ya onyo kutoka kwa wadhibiti wa utangazaji, na barua nyingine ya wakili wa mwenye karakana, aliyejiita mwekezaji wa Njiru. Gordon aliingia na tangazo la kuomba radhi, tayari limeandikwa.

"Wanataka usome wewe," alisema bila kumtazama. "Wanasema sauti iliyotia hofu ndiyo itoe hofu."

Zaitun alisoma kimya. Tangazo lilisema: Redio Kibaraza inaomba radhi kwa taarifa kuwa watoto wa Njiru walipatikana na risasi mwilini. Taarifa hiyo haikuwa ya kweli. Wakazi wanaombwa waendelee na shughuli zao bila wasiwasi.

"Gordon, hii inasema hakuna sumu."

"Inasema hakuna risasi."

"Ndilo jina lake!"

"Ulisema wewe ndilo jina lake. Mimi nilikwambia useme sumu ya betri." Kisha sauti yake ikalegea. "Zaitun, sikiza. Wakifunga kituo, watu kumi na wawili hapa wanaenda nyumbani. Soma tu. Baadaye tutafanya kipindi kizuri, tutafafanua."

"Niongeze sentensi moja. Moja tu. Kwamba moshi wa betri una madhara."

"Wakili amesema neno kwa neno."

Zaitun alitazama kioo cha studio. Upande wa pili fundi wa mitambo, Ng'ang'a, mtu mzima mwenye watoto wanne, alikuwa ameegemea meza akimngoja. Zaitun akawaza mambo mengi kwa muda mfupi. Aliwaza kwamba akikataa, atasoma mtu mwingine. Aliwaza kwamba bado ana kipindi chake, na penye kipindi pana kesho. Akavaa visikizio, akasoma. Alisoma vizuri, kwa sababu hakujua kusoma vibaya.

Wiki moja baadaye, aliachishwa kazi. Gordon alisema matangazo ya biashara yamepungua. Kile kipindi cha kufafanua hakikufanyika kamwe.

*

Alichokifanya baada ya hapo hakuna aliyemtuma. Alikwenda Njiru kumtafuta Amondi, akiwa amejifunika mtandio mpaka kwenye nyusi ili asitambuliwe. Alimkuta ameketi mlangoni na Okinyi magotini, mtoto wa miaka minne mwenye miguu myembamba, analia kilio kile cha uchovu kisicho na machozi. Amondi alimtambua kwa sauti, mara tu aliposema hodi.

"Karibu," alisema, kwa sababu mgeni hafukuzwi. Hakumpa kiti.

"Nimekuja kukwambia kwamba ile sumu ipo," alisema Zaitun. "Ile ya kwenye betri. Imo kwenye huu udongo. Mtoto asicheze hapa nje."

Amondi alimfuta Okinyi pua kwa upindo wa leso. "Ulituambia ipo. Tukakimbia, tukatiwa moshi wa polisi. Halafu ukatuambia haipo. Mwenye karakana alikuja kwa baraza la chifu na sauti yako kwa simu, akaiweka kwa spika, kila mtu akasikia. 'Taarifa hiyo haikuwa ya kweli.' Ni wewe kabisa. Tulikuwa tumeandika majina ya kupeleka malalamiko. Watu walifuta majina yao hapo hapo, na mimi nikafuta langu. Mume wangu ni kibarua huko ndani. Sasa leo umekuja kuniambia ipo. Mimi nishike gani, dada?"

 Zaitun aliinama akaanza kuokota vipande vya plastiki nyeusi vya betri vilivyokuwa karibu na miguu ya mtoto, na Amondi akamwacha aokote.

Kutoka hapo alimwandama Celine. Alimpigia asubuhi, alimpigia jioni, alimfuata chuoni akamngoja nje ya darasa. Celine alisema kamati haijakaa. Akasema mwenyekiti amesafiri. Akasema, siku moja, huku akilia chooni mwa chuo, kwamba tangu yale ya redio wakubwa wake wamemkataza kuongea na mtu yeyote wa habari, na kwamba wafadhili wameuliza maswali.

"Mimi si mtu wa habari tena," alisema Zaitun. "Nilifukuzwa. Na yule mama hakuuliza habari. Aliuliza mwanawe ana nini."

Kibali hakikupatikana mapema. Kilichopatikana ni degedege. Okinyi alianguka akicheza, macho yakageuka, na hospitali ya kwanza ikamtibu malaria, na ya pili ikasema ni kifafa. Amondi alipompigia Zaitun simu, hakusalimu. Alisema tu, "Yule msomi wako aje." Safari hii Celine alikuja. Alikuja bila kibali, amevaa viatu vya wazi vilivyojaa vumbi, akaketi juu ya mtungi uliopinduliwa wodini na kumweleza Amondi kwa maneno mafupi ambayo hakuyatumia siku ile redioni.

"Betri inaunguzwa. Moshi unaanguka chini unakuwa vumbi. Mtoto anaweka mkono kwa vumbi, anaweka mkono mdomoni. Sumu inaingia kwa damu, inaenda kwa kichwa. Nimetafuta namba yake. Damu ya Okinyi ilikuwa nayo nyingi sana tulipopima."

"Mlipopima lini?"

Celine alitazama sakafu. "Mwaka jana. Kabla ya mvua ya kwanza."

Amondi hakupiga kelele. Aliuliza kama kuna dawa, akaambiwa ipo ya kupunguza, ingawa hupatikana kwa shida, na kwamba kilichokwisha kuharibika kichwani hakirudi chote. Aliuliza kama kuna dawa ya kumtoa mume wake kwenye kazi ile na bado wale.  Kisha alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi, "Ungekuja tu nyumbani, ukakaa hivi ulivyokaa, ukaniambia hivi ulivyoniambia. Hukuhitaji redio. Si ulijua kwetu? Ulikuja na sindano."

Okinyi aliishi. Alipewa dawa, akanenepa kidogo, degedege ikapungua. Lakini maneno yaliyokuwa yameanza kumjaa kinywani yalipukutika. Alipokuwa na miaka mitatu aliweza kumwita paka, kumtukana paka na kumwomba paka msamaha. Alipofika mitano alikuwa akinyoosha mkono na kutoa sauti moja, na mamake alijifunza kuipambanua: hii ni maji, hii ni maumivu, hii ni njoo.

Makala ya Celine ilichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la ng'ambo ambalo mtu hawezi kulisoma bila kulipia. Alialikwa kuizungumzia katika miji miwili ya Ulaya. Alimtumia Zaitun salamu na kiungo cha kuifungua, na Zaitun alipokibonyeza akaombwa kadi ya benki. Mwishoni mwa makala, Celine alimwambia, kuna mstari wa kuishukuru jamii ya Njiru. Wizara ya mazingira ilitoa taarifa kwamba imeupokea utafiti na inaufanyia kazi. Owuor aliandika safari hii, aya zote sita, lakini siku hiyo kulikuwa na habari ya uchaguzi mdogo, na yake haikuchezewa ngoma na mtu.

Karakana haikufungwa. Ilihama. Mwenye nayo aliuza kiwanja kwa bei nzuri, kwa sababu Njiru ilikuwa inakua na kila mtu alitaka kujenga, akapeleka tanuri zake mbele zaidi kwenye Barabara ya Kangundo, ambako watu hawakuwahi kusikia habari zake. Kiwanjani pakasimama ghorofa la vyumba vya kupanga, rangi ya maziwa, na ua wa udongo mbele ambapo watoto wangechezea.

Mzee Faki alifariki mwaka huo huo. Kibanda cha madera hakikulipa kodi, na Zaitun alipata kazi ya kukodisha koo lake. Wachuuzi wa soko la Muthurwa hawapazi tena sauti wenyewe siku hizi. Hurekodiwa mara moja, spika ikarudia kutwa. Zaitun huwarekodia. Ukipita pale jioni, watu wanapotafuta magari ya kurudi mitaani, utamsikia juu ya honi zote, kwa Kiswahili kisicho na doa: dawa ya panya, dawa ya kunguni, dawa ya mende, weka mbali na watoto. Hurekodi ile sehemu ya mwisho bila kuombwa. Mchuuzi mmoja aliwahi kumwambia aikate, inarefusha. Alikataa, na mchuuzi akatafuta mtu mwingine.

Jumapili huenda Njiru. Humpelekea Okinyi ndizi, hukaa na Amondi, kisha hupita mlango kwa mlango katika ghorofa lile jipya. Wapangaji hawamjui. Wengi ni vijana walioanza maisha juzi, wenye mtoto wa kwanza. Huwaambia kila mmoja kwa maneno mafupi: hapa paliyeyushwa betri, sumu imo kwenye udongo huu, mwosheni mtoto mikono, pigeni deki kwa maji, msifagie vumbi likapaa. Neno risasi halimtoki tena kinywani. Mara mbili amefukuzwa na mlinzi wa lango, ambaye ameambiwa kwamba kuna mwanamke anayeharibia nyumba sifa.

Jumapili iliyopita alimkuta mama mmoja mchanga uani mbele ya ghorofa, anaanika nguo, mtoto wake wa kutambaa anachimba ua kwa kijiko cha bati.

"We ni wa kanisa?" aliuliza yule mama.

"La, binti yangu. Mimi ni jirani tu." Akamweleza.

Yule mama alisikiliza vizuri, kwa adabu. Alimwinua mtoto, akampangusa mikono na midomo kwa ncha ya leso. "Asante sana kutuambia, mama," alisema. "Lakini kama ni mbaya hivyo, si serikali ingesema? Si ingekuwa kwa redio?"

 Zaitun alimuaga, akatembea hadi langoni, na mlinzi alipokuwa akimfungulia alisikia nyuma yake kijiko cha bati kikikwaruza tena udongo.